Lusenda: klorini ipimwe hadi ndani ya bidoni

Katika kambi ya Lusenda, wilayani Fizi, iliyofunguliwa mwaka 2015 kuwapokea wakimbizi wa Burundi, swali la maji huwa moja: je, yanatosha? Kiwango cha UNHCR ni lita 20 kwa mtu kwa siku. Ni swali la haki, ila linaacha nje usalama wa maji hayo.

Mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutoka Uvira hadi Baraka, umekuwa na kipindupindu kwa miaka mingi. Klorini huua bakteria wake, lakini klorini nayo huisha. Maji yaliyotoka bombani na miligramu 0.5 kwa lita yanaweza kufika jioni bila kinga yoyote, hasa bidoni ikiwa na utando ndani au ikiachwa juani. Hapo kikombe kimoja kichafu kinatosha.

Hoteli za Ulaya zinazopambana na legionela, bakteria wa maji vuguvugu anayeshambulia mapafu, hupima pale mtu anapoyatumia maji, si kwenye tangi pekee. Kwa Lusenda, pale ni nyumbani. Kupima klorini huko hakuhitaji maabara: kidonge, kichupa na dakika chache. Kunahitaji mtu wa kupita nyumba kwa nyumba, kazi iliyo rahisi kukatwa bajeti ikipungua, maana haiachi jengo la kupigwa picha.