Kicheko cha kilio na kicheko cha televizyo

Mu Katuba tumeshazoea neno hili: «Acha batoto baangalie, ni filme ya kuchekesha tu.» Mimi nalikataa. Nakataa vilevile neno la wale wanaosema kwamba mila yetu haijui kucheka kifo, kwa hiyo filme za namna ile zote zitupwe. Pande zote mbili zimekosa.

Tuchukue mufano mumoja, tusibishane hewani. Who Killed Captain Alex? ni filme ya Uganda. Nabwana I.G.G. aliitengeneza mwaka 2010 kule Wakaliga, mutaa wa masikini wa Kampala. Bunduki zao ni vyuma vya kuokota na mbao, helikopta inayopiga mabomu ni ya kompyuta. Watu wanakufa makumi kwa makumi, na juu ya picha kuko sauti ya mucheshi, VJ Emmie, anayewachokoza wenye kuua na wenye kufa. Kapiteni Alex mwenyewe anauawa, na mpaka mwisho hatuambiwi nani alimuua. Watazamaji wanacheka mpaka machozi.

Je, hiyo ni kinyume cha mila? Hapana. Ku kilio, kwetu, bijukulu wanakuja kumuchokoza marehemu: wanaiga namna alivyokuwa anatembea, namna alivyokuwa anakunywa, wanafunga njia ya jeneza mpaka walipwe makuta. Wabemba nao wako na banungwe: watu wa ukoo mumoja wanawatania wa ukoo mwingine palepale penye machozi, na hakuna anayekasirika. Anayesema kama bankambo hawakucheka kifo hajafika ku kilio, ama alifika kula tu.

Lakini tuangalie muzuri namna kicheko kile kilivyofungwa. Kiko na mwenyewe: mujukulu ama munungwe, si kila mutu. Mukwe hathubutu. Kiko na saa yake na mahali pake. Tena kinamucheka mutu tuliyemujua, ambaye machozi yake yanatoka pale pale. Filme haiji na kamba hizo. Sisi njo tunapaswa kuifunga.

Njo maana alama za Wazungu, za miaka 12 ama 16, hazitutoshi. Zinahesabu umri tu. Mu parsele ya Katuba, televizyo moja inaangaliwa na nkambo, mama-mukwe, mupwa aliyetoka ku kijiji, na watoto wa jirani ku dirisha. Kicheko anachoweza kukitoa kijana mbele ya nkambo yake, hawezi kukitoa mbele ya mama-mukwe. Basi pamoja na umri tuulize undugu: nani amekaa na nani?

Tuulize pia nyumba imepitia nini. Tarehe 23 mwezi wa tatu 2013, Bakata Katanga waliingia mu Lubumbashi, risasi zikalia, watu wakafa. Mutoto aliyejificha chini ya kitanda siku ile, leo ni kijana mukubwa. Usimwambie kwamba mulio wa bunduki ni muchezo kwa sababu wengine wanacheka.

Siombi serikali itukatazie. Wakati wa ukoloni Wabeljiki walikuwa na komisyo ya kuchagua filme ambazo mutu mweusi anaruhusiwa kuona, kwa kudhani hawezi kutofautisha picha na ukweli. Aibu ile isirudi. Kazi hii ni ya wakubwa wa nyumba.

Basi, hukumu yangu ni hii. Captain Alex inaweza kuonyeshwa mu parsele, kwa vijana, kama mukubwa amekaa nao na anasema nao. Wadogo walale kwanza. Na nyumba yenye kilio kipya izime televizyo. Filme ile iko na faida moja: VJ wake anatukumbusha kila dakika kwamba ni muchezo, sawa vile mujukulu anavyofanya. Filme nyingi zinazouzwa mu masoko yetu hazina sauti hiyo. Ndani yake mutu anachinjwa, muuaji anatoa neno moja la kuchekesha, basi, tunaendelea. Kwa hizo, sauti lazima itoke kwetu. Muzazi anayewasha televizyo halafu anaenda zake ku soko asiseme kwamba amewaachia watoto kicheko. Amewaachia maiti, bila mujukulu wa kuwaambia lini wacheke na lini wanyamaze.