Maarifa ya Nyumbani: Nyigu wa Mahameli na Jina Lake la Haki

Mvua inapokatika na ardhi ikaanza kukauka, huonekana katika njia za miguu za Jinja, na hata huko Mbale chini ya mlima Elgon, mdudu mdogo apitaye mbio juu ya udongo mtupu. Aghalabu kifua chake ni chekundu, tumbo lake ni jeusi lenye madoa meupe, na mwili wake umefunikwa na manyoya mafupi mfano wa kitambaa cha mahameli. Hana mabawa. Kwa sababu hiyo watu wengi humhesabu kuwa ni chungu mkubwa, na hata Waingereza walimwita chungu wa mahameli. Jina hilo halikumstahili. Mdudu huyo ni nyigu, na tena ni nyigu jike.

Dalili za kumtambua si ngumu. Chungu huishi katika jamii kubwa yenye malkia na watumishi, hali nyigu wa mahameli hutembea peke yake, hana kichuguu wala jeshi la kumfuata. Vipapasio vya chungu vimepinda kama kiwiko cha mkono, lakini vya nyigu huyu havikupinda namna hiyo. Akibanwa hutoa sauti nyembamba ya kukwaruza kwa kusugua sehemu za tumbo lake, na ngozi yake ni ngumu mno hata kumponda kwa kidole ni kazi. Mwiba wake ni mrefu, na uchungu wake hausahauliki upesi. Hata hivyo yeye hamwendei mtu kwa shari. Huchoma anapokanyagwa kwa mguu mtupu au anaposhikwa na mtoto aliyevutwa na rangi zake.

Dume lake ni kiumbe kingine kabisa kwa sura. Ana mabawa, huruka mauani, na hana mwiba, kwa kuwa mwiba wa nyigu ni kiungo cha kutagia mayai kilichogeuka kuwa silaha. Mara nyingi hata rangi zake hazifanani na za jike. Hapo ndipo matatizo ya wataalamu yalipoanzia. Mtu aliyeletewa jike kutoka nchi moja na dume kutoka nchi nyingine, wote wakiwa wamekauka katika visanduku vya makumbusho, hakuwa na njia ya kujua kuwa ni mume na mke. Hivyo wengi walipewa majina mawili, kana kwamba ni aina mbili. Ukweli hujulikana pale wawili hao wanaponaswa wakiwa pamoja, au wanapotoka katika uzazi mmoja uliotunzwa na mtaalamu. Na siku hizi kwa kulinganisha chembe za urithi. Aina za nyigu hawa zilizokwisha kuandikwa duniani zapita 4,000, na kazi ya kuzipanga haijamalizika.

Msomaji aweza kuuliza: je, kuna faida gani kwa askari au kwa mama wa nyumbani kujua nasaba ya mdudu wa njiani? Jibu lake limo katika historia ya Busoga yenyewe.

Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya Mengo walianza kupokea wagonjwa wa malale. Katika miaka iliyofuata ugonjwa huo uliteketeza pwani na visiwa vya Ziwa Victoria, katika Busoga na Buganda, na waliokufa hadi mwaka 1920 wanakadiriwa kupita 200,000. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake waliokuwa Entebbe walionyesha kuwa mwenye kuueneza ni mbung'o. Katika utawala wa Hesketh Bell, baina ya mwaka 1906 na 1909, wenyeji wa ukanda wa ziwa waliamriwa kuhama, wakaacha mashamba, makaburi na mitumbwi yao. Vijiji vikageuka vichaka, na mbung'o akabaki kuwa bwana wa pwani.

Kwa kuwa hapakuwa na dawa ya kutegemewa, wataalamu walitafuta adui wa mbung'o miongoni mwa wadudu wenzake. Katika miaka ya 1910 Hale Carpenter aliishi katika visiwa vya Ziwa Victoria akichunguza maisha ya mbung'o. Jambo moja lilikuwa wazi: mbung'o hatagi mayai kama nzi wengine. Hulea buu mmoja tumboni mwake, na anapomzaa, buu huyo hujifukia ardhini palipo kivuli na udongo mlaini, kisha hugeuka kuwa pupa mwenye ganda gumu la rangi ya kahawia iliyoiva. Hukaa humo majuma kadhaa kabla ya kutoka akiwa mbung'o kamili. Katika muda huo hawezi kuruka wala kukimbia. Adui ajuaye kuchimbua udongo angemkuta kama akiba iliyowekwa ghalani.

Adui huyo alipatikana kusini, katika nchi ya Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Huko alikuwako daktari William Lamborn, aliyeanza kuchunguza mbung'o karibu na mwaka 1914. Kutoka katika pupa alizokusanya hawakutoka mbung'o peke yao, bali walitoka pia nyigu wa mahameli. Jike la nyigu huyo hutafuta pupa udongoni, hutoboa ganda lake kwa taya, huingiza yai ndani, kisha huziba tundu. Kinda wake humla mwenye nyumba na kukua humo humo. Mwaka 1915 Rowland Turner alimwandika mdudu huyo kwa jina la Mutilla glossinae, yaani Mutilla wa mbung'o, kwa kuwa Glossina ndilo jina la kitaalamu la mbung'o. Mwaka 1916 aliandika wa pili, akamwita Mutilla benefactrix, neno la Kilatini lenye maana ya mfadhili wa kike.

Habari hiyo ilikuwa ya ajabu, kwa sababu nyigu wengi wa mahameli hushambulia watoto wa nyuki na wa nyigu wengine waliomo viotani. Wachache tu ndio wajulikanao kuwala nzi. Lakini jina lile la Mutilla lilikuwa kama kapu la sokoni. Linnaeus alilianzisha mwaka 1758, na waliomfuata wakatupa humo kila nyigu mwenye manyoya asiye na mabawa, awe wa Afrika, wa Asia au wa Marekani. Mtu aliyelisoma jina hilo hakuweza kujua kama wale wawili wa Nyasaland ni ndugu wa damu au ni majirani waliokutana katika riziki moja.

Suala hilo lilifafanuliwa mwaka 1971 na Denis Brothers, mtaalamu wa Afrika Kusini. Alichunguza maumbile ya nyigu hao wala mbung'o, akaonyesha kuwa hawamo katika jenasi moja, yaani kundi moja la aina zilizo karibu kwa nasaba. Yule wa kwanza alimpa jenasi mpya, Chrestomutilla, na sehemu ya mwanzo ya jina hilo yafanana na neno la Kiyunani lenye maana ya kufaa. Yule wa pili anahesabiwa katika jenasi iitwayo Smicromyrme. Kwa hiyo desturi ya kula pupa wa mbung'o haikuwa ushahidi wa undugu. Koo mbili tofauti zilikuwa zimeifikia riziki hiyo hiyo.

Fikiria sasa hasara ya kutojua. Mtaalamu akipewa kazi ya kufuga nyigu wa kumla mbung'o, akamfuga jamaa yake kwa kuwa sura zao zakaribiana, atakuwa amefuga mla nyuki. Wafugaji wa nyuki wangepata hasara, na mbung'o wangeendelea kuzaliana kwa amani. Kadhalika mtu akihesabu aina mbili kuwa moja, hesabu zake za pupa walioliwa hazitamwambia ni nani aliyefanya kazi na ni nani aliyekuwa mpitaji.

Kosa la jina lilimhusu hata mbung'o mwenyewe. Yule wa pwani ya Ziwa Victoria aliitwa kwa miaka mingi Glossina palpalis, jina la mbung'o wa Afrika Magharibi. Leo anajulikana kuwa ni Glossina fuscipes. Vimelea vya malale navyo viko vya namna mbili visivyoweza kutofautishwa kwa kuvitazama katika hadubini. Kile cha kaskazini magharibi ya Uganda humdhoofisha mtu kwa miezi na miaka. Kile cha Busoga na mashariki huenda mbio, na huweza kukaa katika ng'ombe bila dalili kubwa. Mlipuko ulioanza Busoga mwaka 1976 ulikuwa wa hicho cha pili, na mwaka 1998 kilifika Soroti kwa ng'ombe walionunuliwa minadani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Uganda imeuondoa ule wa kaskazini magharibi usiwe tena tatizo la afya ya umma. Ule wa mashariki haumo katika uthibitisho huo.

Isidhaniwe kuwa nyigu wa mahameli peke yake angeweza kummaliza mbung'o. Idadi yake ni ndogo, na uzazi wake si wa haraka. Kazi kubwa imefanywa kwa mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, kwa dawa wanazopakwa au kunyunyiziwa ng'ombe, kwa kupima damu na kutibu wagonjwa mapema, na kwa utafiti kama ule uliofanywa kwa miaka mingi katika kituo cha Tororo, kusini ya Mbale. Nyigu ni msaidizi mdogo katika jeshi kubwa, lakini msaidizi hauawi bure.

Yafaa basi kila nyumba ishike mambo machache. Watoto wavae viatu wanapocheza katika udongo mtupu, na wafunzwe kutazama mdudu mwenye rangi kali bila kumshika. Aliyechomwa aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni, kisha aweke kitambaa cha maji baridi. Uchungu ni mkali, lakini kwa kawaida sumu yake si ya kuua. Hata hivyo, mtu akivimba uso au ulimi, au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja. Nyigu mwenyewe aachwe aende zake, au asukumwe kando kwa kijiti.

Na yule anayefanya doria pwani ya ziwa, anayevua samaki, au anayechunga ng'ombe vichakani, akipatwa na homa isiyokoma kwa dawa za malaria, au kuumwa na kichwa na kuvimba tezi, amwambie mganga kuwa amekuwa mahali penye mbung'o, ili damu yake itazamwe kwa hadubini. Mganga asiyeambiwa hilo aweza kutibu malaria hali mgonjwa ana malale, na katika ugonjwa wa Busoga siku zinazopotea ni nyingi mno kwa mgonjwa.