Vyuo vya Juba vipate msuluhishi asiye na upande

CHUO Kikuu cha Juba kilianzishwa mwaka 1975, vita vikakihamishia Khartoum mwaka 1989, kisha kikarejea nyumbani. Tangu kirejee, wahadhiri wake wamegoma mara kadhaa wakidai mishahara.

Mishahara ni jukumu la Serikali, na hakuna msuluhishi atakayeilipa. Lakini migogoro mingi ya kazini huanzia idarani: mhadhiri ananyimwa cheo bila maelezo, karani anahamishwa ghafla, mkataba hauongezwi. Mwenye lalamiko kama hilo hulazimika kumwendea mkubwa yuleyule anayemlalamikia, au aende mahakamani, ambako muda na gharama humkatisha tamaa. Wengi hunyamaza. Na katika nchi iliyojeruhiwa na vita, lalamiko lisilopata majibu huchukua sura ya ukabila haraka.

Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 iliunda chombo cha kushughulikia malalamiko ya wananchi na kingine cha haki za watumishi wa umma. Hivyo ni vyombo vya taifa zima. Chuo kinahitaji mtu aliye karibu, anayefikika kabla ugomvi haujakomaa.

Msuluhishi huyo hahukumu wala haadhibu. Husikiliza kwa siri, hueleza kanuni, huwakutanisha wanaogombana, na kila mwaka huliarifu baraza la chuo ni malalamiko gani yanajirudia, bila kutaja majina.

Kwa kuwa makamu wakuu wa vyuo vya umma huteuliwa kwa amri ya Rais, msuluhishi asiwe mteule wao. Achaguliwe na baraza pamoja na wawakilishi wa wafanyakazi, awe na muhula maalumu, na asishike cheo kingine chuoni. Vinginevyo itakuwa kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Wapo watakaosema chuo kinachosubiri mishahara hakina fedha za ofisi mpya. Ofisi hiyo ni ya mtu mmoja na kabati lenye kufuli. Mgomo hugharimu muhula mzima wa wanafunzi.

Tanzania ilithubutu mapema, ilipounda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966. Sudan Kusini, mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, haianzi gizani. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, liisaidie Juba kuandaa kanuni, na mabaraza ya vyuo yaanze sasa, kabla ya mgomo mwingine.