ZAWADI YA KAMPUNI NA HAKI YA WANANCHI

Wiki hii twataka kusema neno juu ya jambo ambalo wanachama wetu wa sehemu za migodi wametuuliza mara nyingi, nalo ni hizi zawadi za kampuni. Siku hizi ni shida kuiona kampuni kubwa, iwe ya dhahabu, ya almasi, ya simu au ya bia, isiyokuwa na afisa wake wa mahusiano na jamii, wala haupiti mwezi bila ya kuona gazetini picha ya bwana fulani akikabidhi madawati. Jambo lenyewe limepewa jina refu: uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Sisi hatuna ugomvi na jina. Ila kuwajibika ni kudaiwa, na mtu anayelipa deni lake hapigiwi ngoma.

Tuanze na tuliyoyaona kwa macho yetu. Mwaka jana, katika ziara ya matawi, tulifika kijiji kimoja kilicho jirani na mgodi. Mgodi hatuutaji, wala kijiji, maana hatutaki wazee wa pale wasumbuliwe kwa ajili yetu. Siku ile kampuni ilikuwa ikikabidhi vyumba viwili vya madarasa. Watoto walisimamishwa juani tangu saa mbili. Wageni walifika saa sita kasoro. Sisi tulisomea ualimu, twajua mtoto wa darasa la kwanza aweza kuvumilia jua kiasi gani. Wawili walianguka. Hotuba zilikuwa nne. Kibao chenye jina la kampuni, kilichobandikwa ukutani nje, kilikaribia kulingana na ubao wa kuandikia uliokuwa ndani. Lakini vyumba vyenyewe ni vizuri, hatuna budi kusema kweli: sakafu ya saruji, madirisha ya kutosha, bati la rangi.

Kisha alisimama mama mmoja mtu mzima akaomba kuuliza. Shamba lake lilipimwa, mihogo na miembe ikahesabiwa, akapewa karatasi yenye mhuri na kuambiwa asipande tena kitu cha kudumu. Tangu siku hiyo mvua tatu zimepita na fidia hajaiona. Hakumaliza maneno yake. Aliyemnyamazisha hakuwa mkubwa wa kampuni wala askari wa getini. Alikuwa diwani. Alimwambia, "Mama, leo ni siku ya shukrani, hayo tutazungumza ofisini." Na diwani yule, ndugu wasomaji, ni mwanachama mwenzetu, tena kadi yake ni ya zamani kuliko yetu.

Jambo hili lilitukosesha usingizi. Vyumba viwili vya madarasa vilitosha kumfanya kiongozi wa wananchi asahau ni nani aliyempa kura. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Mama yule alikuwa akidai yake, na akaonekana mtovu wa adabu mbele ya wageni.

Wapo watakaotwambia kwamba asante ya punda ni mateke. Watasema: serikali haina fedha za kutosha, kampuni si serikali, nanyi badala ya kushukuru mnatukana; wawekezaji watakimbia. Twajibu kwamba hakuna aliyetukana. Mtoto aliyekuwa akikaa chini sasa anakaa kwenye dawati, na hilo ni jema. Lakini zawadi haifuti hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Tuifanye kama darasani.

Sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 1982 iliziruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma, nao katika miaka ile ulifika asilimia 0.3 ya mauzo. Lakini migodi mikubwa ya dhahabu, ukiwamo wa Geita ulioanza kazi mwaka 2000, ilikuwa na mikataba yake na serikali kuu, na kwa miaka zaidi ya kumi ililipa halmashauri kiasi kimoja kisichobadilika: dola 200,000 kwa mwaka. Dhahabu ikipanda bei, dola 200,000. Wakichimba mara mbili zaidi, dola 200,000. Sasa chukueni mgodi wa mfano unaouza dhahabu ya dola milioni 500 kwa mwaka. Asilimia 0.3 yake ni dola milioni 1.5. Ondoeni hizo 200,000, zinabaki milioni 1.3. Zidisheni kwa miaka kumi, mnapata dola milioni 13. Gawanyeni kwa bei ya dawati la fundi wa kwenu, kisha mtuambie ni watoto wangapi walikaa chini kwa ajili ya karatasi moja iliyotiwa sahihi mbali nao. Na katika miaka hiyo hiyo madawati yalikuwa yakikabidhiwa, nasi tukipiga makofi.

Mfano wa pili ni mrabaha. Kabla ya mwaka 2010 mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Sheria ya mwaka 2010 ikaupandisha kuwa 4, na mwaka 2017 ukafika 6, pamoja na asilimia 1 ya ada ya ukaguzi. Kwa mgodi ule ule wa mfano wetu, kutoka 3 kwenda 6 ni dola milioni 15 kila mwaka. Siku hiyo hakuna aliyekata utepe, wala mtoto hakusimamishwa juani. Zile ni fedha zinazoingia hazina kwa sheria, Bunge likazigawa, na mwananchi ana haki ya kuuliza zimekwenda wapi bila ya kuambiwa kwamba leo ni siku ya shukrani.

Tena mambo haya hayakuanza jana. Dr. John Williamson, Mkanada, alipogundua almasi Mwadui mwaka 1940, alijenga mji mzima ndani ya ua wa mgodi, una nyumba, hospitali na shule, na sifa zake zilienea kote. Alifariki Januari 1958. Mwaka ule ule mgodi ulichukuliwa, nusu na De Beers na nusu na serikali ya mkoloni. Hospitali nzuri ile haikumpa mkulima wa Shinyanga sauti hata moja katika biashara hiyo. Na tazameni yaliyofuata miaka mingi baadaye mahali pale pale. Mwaka 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na sehemu kubwa ya mgodi, ilikubali kutoa paundi milioni 4.3 kumaliza madai ya watu 71, madai yaliyopelekwa Uingereza, ya kupigwa, kujeruhiwa na hata kuuawa kwa watu katika eneo la mgodi. Novemba 1922 hakukuwa na mgodi wala bwawa. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope ulibomoka, tope likafunika nyumba na mashamba ya majirani. Tunauliza: kisima cha zawadi chafaa nini kwa mtu ambaye shamba lake liko chini ya tope?

Huko North Mara, mwezi Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa ajili ya maji machafu yaliyovuja kutoka bwawa la tope sumu. Mgodi ule nao ulikuwa umejenga madarasa. Kampuni inayotaka kuwajibika kwa jamii na ianze kwa kuzuia bwawa lake lisivuje, kulipa wafanyakazi wake sawasawa, kumaliza fidia na kuandika vitabu vya kodi visivyo na ujanja. Ikishayatimiza hayo, ikajenga na zahanati, sisi wenyewe tutabeba mawe.

Na zawadi ina ubaya mwingine: mwenye kuitoa aweza kuikatiza. Jirani zetu wa Zambia wanalijua hili. Katika miji ya shaba, shirika la migodi la serikali lilikuwa likiendesha hospitali, shule na huduma za maji. Migodi ilipouzwa kwa watu binafsi, kuanzia mwaka 1997 hadi 2000, wanunuzi walitaka shaba. Mzigo mkubwa wa huduma zile uliachiwa halmashauri zisizokuwa na fedha.

Basi tufanye nini? Wengine wanapendekeza tuige India, ambayo katika Sheria yake ya Makampuni ya mwaka 2013 iliyaamrisha makampuni makubwa kutumia asilimia 2 ya faida yao, ikipigwa wastani wa miaka mitatu, kwa kazi za jamii. Si wazo baya. Lakini faida ni neno la karani wa hesabu, na twajua migodi iliyochimba miaka na miaka ikiandika hasara. Kwetu sisi ipo silaha iliyo karibu zaidi, nayo imelala kabatini.

Kifungu cha 105 kilichoingizwa katika Sheria ya Madini mwaka 2017 chasema kwamba mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa kuwajibika kwa jamii, akubaliane na halmashauri ya mahali, na mpango huo ufuate mahitaji ambayo halmashauri imeyaweka mbele. Halmashauri ndiyo yenye kuuchunguza na kuupitisha. Tena imepewa kazi ya kutunga mwongozo, kusimamia utekelezaji na kuwaeleza wananchi miradi yenyewe. Kwa hiyo tangu mwaka 2017 vyumba vile viwili si hisani. Ni mpango uliopitishwa na baraza ambalo diwani wetu hukaa ndani yake, nao una bei yake na tarehe yake. Yeye alipaswa kusimama pale akiwa msimamizi anayekagua kazi. Badala yake alishika kipaza sauti akashukuru kama mtu aliyepewa nguo ya sikukuu.

Tulipowauliza wazee wa kijiji kile ni lini walikaa mkutano kuchagua madarasa, walitazamana. Wao walitaka maji. Shule ina madarasa mapya na watoto wangali wakienda na ndoo mtoni asubuhi.

Lipo na jambo gumu zaidi ambalo hatutalikwepa. Kwa makubaliano ya mwaka 2019, yaliyotiwa sahihi Januari 2020, serikali ilipata asilimia 16 katika migodi ya Barrick kwa njia ya kampuni ya Twiga. Tulilishangilia jambo hilo na hatujuti. Lakini sasa serikali yetu ni mwenye hisa, na mwenye hisa hupenda faida. Mwananchi akilalamika juu ya bwawa au fidia, anayemlalamikia ana mguu mmoja ndani ya mgodi. Ndiyo sababu twasema kwamba tawi la chama lisijifanye ofisi ya kampuni wala ofisi ya serikali. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na sisi wenyeji tusishike jembe lake kwa niaba yake.

Kwa hiyo twawaomba makatibu wa matawi yote yaliyo karibu na migodi wafanye kazi hii kabla ya halmashauri kuketi kwa bajeti ya mwaka unaoanza Julai. Nendeni ofisi ya mkurugenzi, wawili au watatu, kwa adabu, mkaombe kuona mpango wa kampuni wa mwaka huu. Andikeni kila mradi na gharama yake. Kisha nendeni na mkanda wa fundi mkapime jengo lenyewe, mkaulize bei ya saruji dukani, muone kama hesabu zinakubaliana. Itisheni mkutano wa kijiji, mwulize ni nani aliyeulizwa. Wenye karatasi za fidia ambazo hazijalipwa waandikwe majina, ukubwa wa shamba na tarehe ya kupimwa, na orodha ikae tawini. Mkikataliwa kuuona mpango, tuandikieni ni nani aliyekataa na siku gani, nasi tutachapa.

Yule mama tulimfuata nyumbani kwake jioni ile. Karatasi yake anaitunza katika kopo la maziwa, imekunjwa mara nne, mhuri unasomeka vizuri. Tuliinakili kwa mkono, na nakala tumempelekea ndugu yetu diwani pamoja na barua. Hadi tunapokwenda mtamboni hajatujibu.