Mbwa Mmoja Mzuri Ashinda Watano wa Kuzurura

Msomaji mwenzangu, ukitaka kununua ng'ombe wa maziwa huuliza mengi. Humtazama mama yake, huyapima malisho yako, huhesabu gharama ya dawa ya kupe. Lakini ukitaka mbwa huulizi neno. Jirani huja na kitoto cha mbwa kikapuni, watoto wako hupiga kelele za furaha, nawe wasema, "Haya, mwacheni." Siku hiyo umemwingiza nyumbani mnyama atakayecheza na watoto wako pengine kwa miaka kumi. Je, huyu hastahili kuchaguliwa?

Safari moja nilifika katika boma nikalakiwa na mbwa watano. Nikamwuliza mwenye boma, "Hawa ni wa nani?" Akajibu, "Ni wa hapa." Nikauliza, "Nani huwalisha?" Akacheka, akasema hujitafutia wenyewe. Nikauliza kama wamechanjwa. Hapo akanyamaza.

Maoni yangu ni haya: mbwa anayejitafutia chakula si mbwa wa nyumba. Ni mbwa wa njiani anayerudi kulala kwako. Huko anakozurura hukutana na mbwa wengine na mbweha, na huenda akarudi na kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu si hadithi ya zamani. Hapa Kenya ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa mmoja aliyekuwa kando ya Nairobi, na hata leo haujatutoka. Mwaka wa 2014 Serikali ilizindua mpango wa kuumaliza kwa wanadamu kufikia mwaka wa 2030. Lakini mpango peke yake hauzuii meno. Karibu watu wote wanaopata ugonjwa huu huupata kwa kuumwa na mbwa, na watoto wengi huumwa. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, ni nadra sana apone.

Basi chagua hivi. Kwanza, chagua idadi. Hesabu chakula kinachobaki jikoni na fedha ulizo nazo, si ukubwa wa shamba lako. Kama waweza kumlisha na kumchanja mmoja, fuga mmoja.

Pili, mtazame mama yake. Mama mtulivu aliyezoea watu mara nyingi huzaa watoto watulivu. Usimchukue mtoto kabla hajatimiza wiki nane, maana bado anajifunza kwa mama na ndugu zake. Mchague yule ajaye kwako bila hofu, mwenye macho maangavu na tumbo lisilovimba. Anayejificha pembeni, au anayeuma kila mkono, mwache.

Tatu, usidanganywe na sifa. Watu husema mbwa wetu wa kienyeji hafai, lazima upate yule mkubwa wa kigeni. Mimi sikubali. Wa kienyeji amezoea jua letu, na hula ugali na mabaki ya jikoni. Mbwa mkubwa mkali anataka nyama nyingi na mtu wa kumfundisha. Ukimfunga mnyororo mchana na usiku atazidi ukali, na wa kwanza kumkaribia ni mtoto wako.

Ukisha kumpata, apigwe sindano ya kichaa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mwulize afisa wa mifugo wa kwenu ni lini wachanjaji watapita. Mpe pia dawa ya minyoo. Unapochinja, usimtupie maini na mapafu mabichi, kwa sababu humo huweza kuwamo mbegu za tegu mdogo. Mayai ya tegu huyo hutoka katika mavi ya mbwa, na mtu akiyameza hupata uvimbe wa maji tumboni au kifuani. Ndugu zetu wa Turkana wanaujua vizuri ugonjwa huo. Wengi wamepasuliwa hospitalini kwa ajili yake.

Na mtoto akiumwa, usipake pilipili wala majani. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Najua wengine watasema, "Fedha za sindano ya mbwa nitazitoa wapi?" Nami nawauliza: za sindano za mtoto mtazitoa wapi? Yeye hahitaji moja bali kadhaa, na zina gharama kubwa kuliko ile ya mbwa. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Watoto wakililia kitoto cha tatu cha mbwa, na wewe huwezi kukilisha, wakatalie. Watalia siku moja tu.

Jioni ya leo wahesabu mbwa wako. Kwa kila mmoja jiulize: nani anamlisha, na alichanjwa lini? Ukikosa jibu, umejua kazi ya kesho asubuhi.