Sumu Isiitwe Dawa



Neno "dawa" twalitumia kwa kinachomponya mgonjwa, na kwa kinachoua viwavi na magugu. Kosa si la lugha. Lakini wapo wanaojificha nyuma ya neno hilo. Kibarua anayeambiwa "nenda kapige dawa" haambiwi kwamba anabebeshwa mgongoni sumu inayopenya ngozi na kuingia kwa pumzi.

Tutazame parakwati, sumu ya magugu. Funda moja tu laweza kuua, wala hakuna dawa ya kuiondolea nguvu mwilini. Katika nchi za Umoja wa Ulaya hairuhusiwi tangu Julai 2007. Hata hivyo, baada ya mwaka huo kiwanda cha Huddersfield, Uingereza, kiliendelea kuitengeneza kwa ajili ya mashamba ya ng'ambo. Twauliza: kisichofaa kwa mkulima wa Ulaya chamfaaje mkulima wa Afrika? Je, mapafu yetu yameumbwa na Mungu mwingine?

Lakini tusiwanyoshee kidole wa mbali tu. Magulioni mwetu sumu humiminwa katika chupa za soda na kuuzwa kwa vipimo vidogo, bila kibandiko. Mnunuzi hajui jina lake, wala rangi ya onyo: nyekundu kwa iliyo kali kuliko zote, kisha njano, buluu na kijani. Hajui siku za kungoja kabla ya kuvuna. Mtoto mwenye kiu haoni sumu, aona soda. Muuzaji huyo asituambie kwamba anamsaidia maskini. Anamwuzia kifo kwa rejareja.

Nao wenye mashamba husema, "Vibarua ni wazembe, hawavai glavu." Glavu hizo zilinunuliwa na nani? Mwenye kuvuna faida ndiye mwenye deni la glavu, buti, barakoa, maji na sabuni. Huo si ukarimu, ni haki. Na anayepulizia nyanya leo na kuzipeleka sokoni kesho, huku akiwatengea watoto wake tuta lisilopuliziwa, anajua vema anachokitenda. Swali la Kaini lamhusu.

Papa Yohane Paulo II, katika ujumbe wa Siku ya Amani, 1 Januari 1990, alifundisha kwamba amani yatishiwa pia pale viumbe vinapokosewa heshima. Basi kila Jumuiya Ndogo Ndogo na iazimie hivi: tusinunue wala kuuza sumu isiyo katika chombo chake chenye kibandiko. Asiyejua kusoma asomewe. Chombo kitupu kisuuzwe mara tatu, maji hayo yamiminwe katika bomba la kupulizia, kisha kitobolewe, kisichotewe maji kamwe. Bomba lisioshwe mtoni. Na pale jembe linapotosha, jembe litumike.

Tuanze kwa kuiita sumu kwa jina lake.