Simba Katika Sura ya Mchumba



Mpunga unapokaribia kuiva, jamaa nyingi za Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero huhamia shambani kulinda ndege mchana na nguruwe pori usiku. Katika dungu, moto ukiwaka chini, hadithi moja hairukwi: ya msichana aliyekataa wachumba.

Waijua. Binti mzuri awakataa vijana wote wa kijijini. Atokea mgeni mtanashati, asiyejulikana kwao. Binti ampenda papo hapo, nao waoana. Mdogo wake mwenye vidonda, aliyekatazwa kufuatana nao, awafuata kwa siri. Usiku wa manane mtoto huyo amwona shemeji yake akigeuka simba, naye ndiye amwokoaye dada yake. Watambaji wengine humfanya mume huyo fisi, joka au zimwi.

Maoni juu ya hadithi hii hugawanyika mara tatu. Wazee wengi husema fundisho lake ni utii: binti ajichaguliaye mume hujichagulia mauti. Wasichana wengi hujibu kwamba hiyo ni hila ya kuwatisha wakubali mume wasiyemtaka. Kundi la tatu husema si hadithi hata kidogo: simba-mtu yupo.

Tuanze na hao wa mwisho. Hofu yao haikuzuka bure. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 katika Tanzania, wengi wao mikoa ya kusini. Lakini watafiti waliona kwamba simba hao waliwafuata nguruwe pori mashambani, wakawakuta walinzi wa mazao. Na huko Singida, katika miaka ya 1940, mauaji yaliyodhaniwa kuwa ya simba yalionekana kuwa kazi ya binadamu. Mnyama hageuki mtu. Mtu ndiye ajifanyaye mnyama.

Kuhusu utii, twawaomba wazee wetu waitazame tena hadithi. Kosa la binti si kupenda. Kosa ni la nyumba nzima: hakuna aliyeuliza mgeni atoka wapi, na mtoto pekee aliyeshuku alifukuzwa kwa sababu ya vidonda vyake. Tena, simba aweza kupita mlango wa mbele, akiletwa na baba mwenyewe, mkononi ana mahari. Binti aliyelazimishwa naye hulala na mnyama asiyemjua.

Ndiyo maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka ridhaa ya hiari ya wote wawili. Na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya sheria hiyo vilivyoruhusu wasichana kuolewa kabla ya miaka 18 vyapingana na Katiba.

Basi, mama na baba, hadithi msiiache. Isimulieni, lakini mwisho wake msimwachie binti lawama peke yake. Mwulizeni ampenda nani, naye awaulize mlilosikia juu ya mtu huyo. Na mdogo mtu akinong'ona kwamba shemeji ana makucha, msimfukuze. Msikilizeni kabla hakujawa usiku.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.